Mji kwa Amri, Mji kwa Ukaazi: Lilongwe, Dzaleka na Msamiati wa Ukuaji wa Miji

Ikisiri

Makala haya yanachunguza dhana za msingi za jiografia ya miji kwa kulinganisha makazi mawili ya Malawi: Lilongwe, mji mkuu tangu mwaka 1975, na Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1994 katika Wilaya ya Dowa. Kwa kutumia kumbukumbu za kihistoria, takwimu za sensa na uchambuzi wa maneno ya Kiswahili na Kichewa, makala yanaonyesha kwamba miongoni mwa sifa nne za mji zilizoainishwa na Louis Wirth mwaka 1938, tatu (wingi, msongamano na utofauti wa watu) huletwa na wakazi wenyewe, ilhali ya nne, yaani udumifu, hutolewa au hunyimwa na mamlaka. Lilongwe ilipewa udumifu kabla ya kupata watu. Dzaleka imepata watu pasipo kupewa udumifu. Makala yanahitimisha kwamba neno linalotumiwa na sera kuyataja makazi ni sehemu ya historia ya makazi hayo, na yanapendekeza namna ya kulirekebisha.

1. Utangulizi

Msafiri anayetoka Capital Hill, kilima chenye ofisi za wizara za Serikali ya Malawi jijini Lilongwe, akashika barabara ya kaskazini kupitia eneo la viwanda la Kanengo na mji mdogo wa Lumbadzi, kisha akaingia Wilaya ya Dowa, hufika Dzaleka baada ya kilomita kati ya 40 na 50. Safari hiyo haifiki hata nusu siku, lakini katika nyaraka za utawala inaunganisha vitu viwili vinavyohesabiwa kuwa havina uhusiano. Mwanzo wake ni jiji. Mwisho wake ni kambi. Jiji lina mpango kabambe, halmashauri, ramani ya viwanja na nafasi katika orodha ya miji ya taifa. Kambi ina orodha ya walioandikishwa, mgawo wa chakula na msimamizi.

Swali la makala haya ni la kihistoria: tofauti hiyo ilitokea wapi? Je, inatokana na hali halisi ya makazi yenyewe, kwa maana ya idadi ya watu, shughuli zao na mahusiano yao, au inatokana na maneno ambayo mamlaka iliyachagua katika nyakati maalumu? Swali hili lina uzito kwa watafiti wa lugha kwa kuwa linahusu istilahi. Lina uzito zaidi kwa washauri wa sera, kwa sababu istilahi hizo ndizo zinazoamua ni wapi bomba la maji litalazwa kwa kipimo cha miaka 30 na ni wapi litalazwa kwa kipimo cha miezi sita.

2. Maneno ya mji na dhana za jiografia

Ni vema tuanze na maneno tuliyo nayo. Kiswahili kimejenga ngazi ya makazi kutokana na shina moja. Kwa kubadili ngeli, mji hudogoshwa kuwa kijiji na hukuzwa kuwa jiji. Ngazi hii hupima ukubwa. Katika Kichewa, neno la asili moja na hilo, mudzi, lina maana ya kijiji. Mji mkubwa huitwa mzinda. Mzinda nalo lina historia yake: katika mila za Wachewa lilihusishwa na mamlaka ya chifu mwenye haki ya kuendesha nyau, yaani jando na ngoma za chama cha siri. Ukubwa wa mzinda, basi, haukutokana na wingi wa nyumba peke yake. Ulitokana na haki iliyotambuliwa. Lilongwe inapoitwa leo mzinda, neno hilo limebeba kumbukumbu kwamba mji ni mahali penye mamlaka.

Neno la tatu ni boma. Kiswahili kililitumia kwa ngome au ua uliozungushiwa kinga, na utawala wa kikoloni ukalichukua kuwa jina la kituo cha mkuu wa wilaya. Nchini Malawi lilisonga mbele zaidi: boma ni makao makuu ya wilaya, na katika Kichewa cha kila siku boma ni serikali yenyewe. Wapo wanaosimulia kwamba neno hili ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza ya utawala wa kijeshi. Maelezo hayo hayana msingi, kwani boma lilikuwamo katika Kiswahili kabla ya utawala huo kufika. Jambo la kuzingatia ni kwamba neno moja limekuja kutaja jengo, mji na dola kwa pamoja.

Kinyume chake ni neno kambi. Tazama vitenzi vinavyoandamana nalo: kambi hupigwa na kambi huvunjwa. Mji hujengwa, hukua na huhamwa. Hata ukiachwa kabisa hubaki na jina, mahame. Kambi ikivunjwa haiachi jina la namna hiyo. Mzungumzaji wa Kiswahili anapotamka kambi ameshasema, bila kukusudia, kwamba watu waliomo wataondoka.

Jiografia ya miji nayo ina msamiati wake. Hutofautisha mahali, yaani ardhi yenyewe ambapo mji umesimama, na nafasi ya mahusiano, yaani uwiano wa mji huo na barabara, mito, masoko na miji mingine. Hutambua kazi ya mji: utawala, biashara, bandari, viwanda. Walter Christaller, mwaka 1933, alieleza miji kuwa ni mahali pa kati panapohudumia eneo linalopazunguka, na kwamba huduma hizo hupangika kwa madaraja. Mark Jefferson, mwaka 1939, alionyesha jinsi katika nchi nyingi mji mmoja unavyoipita mingine yote kwa mbali. Wirth, akiandika mwaka 1938 kutokana na uzoefu wa Chicago, alipendekeza kwamba mji hutambulika kwa sifa nne: wingi wa watu, msongamano wao, utofauti wao wa kijamii, na udumifu wa makazi.

Wirth hakuiandikia Afrika, na wapo waliomkosoa kwa haki. Hata hivyo, sifa zake nne zina faida moja kwa uchunguzi huu: zinaweza kutenganishwa. Tukizitenganisha, tunaweza kuuliza kila moja ililetwa na nani, na lini.

3. Miji kabla ya mji mkuu

Historia ya miji katika nchi iitwayo leo Malawi haikuanza na wakoloni. Katika miaka ya 1840, mfanyabiashara Mswahili Salim bin Abdallah, aliyepata cheo cha Jumbe, alianzisha makao yake Nkhotakota, kando ya Ziwa Malawi. Mahali hapo palikuwa na bandari ya majahazi. Nafasi yake ya mahusiano ilikuwa njia ya kuvuka ziwa na kuelekea pwani ya Kilwa. Kazi ya mji huo ilikuwa biashara ya pembe za ndovu na, hatuna budi kulisema wazi, biashara ya watumwa. Hivyo Kiswahili kilikuwa lugha ya mjini katika nchi hii zaidi ya miaka 30 kabla ya Wamisionari wa Kiskoti kuanzisha Blantyre mwaka 1876. Anayekiona Kiswahili cha Dzaleka kuwa kigeni kabisa nchini Malawi hana budi kuikumbuka Nkhotakota.

Blantyre ilianza kama misheni, ikawa mji wa biashara wa kusini. Zomba, chini ya mlima wenye jina hilo, ilifanywa makao ya utawala wa Waingereza mwaka 1891. Kwa muda wa miaka 70 iliyofuata, uzito wa uchumi, barabara, reli na shule ulilala Kusini. Wakati wa uhuru mwaka 1964, Malawi ilikuwa na mji mkuu mdogo wa utawala, mji mkubwa wa biashara usiokuwa mji mkuu, na maeneo ya Kati na Kaskazini yaliyokuwa yakitoa vibarua kwa mashamba na migodi ya nchi nyingine.

4. Lilongwe: udumifu kabla ya watu

Lilongwe ilianza kama boma mwanzoni mwa karne ya 20, kando ya mto wenye jina hilo, katikati ya ardhi yenye rutuba ambako kilimo cha tumbaku kilikuja kustawi. Ilipata hadhi ya mji mwaka 1947. Sensa ya mwaka 1966 iliikuta ikiwa na wakazi wasiofika 20,000.

Rais Hastings Kamuzu Banda alikuwa ameshaamua kuuhamishia mji mkuu huko. Yeye mwenyewe alilihesabu wazo hilo miongoni mwa mipango aliyoipanga akiwa kizuizini Gwelo, katika nchi iitwayo leo Zimbabwe, kati ya 1959 na 1960. Hoja yake ilikuwa ya kijiografia: nchi ilihitaji kitovu cha ukuaji katikati yake ili maendeleo yasibaki Kusini. Wapinzani walisema kwamba hoja hiyo ilifunika nia ya kulipendelea Eneo la Kati alikotoka. Kauli hizo mbili si lazima zikanushane. Uteuzi wa mji mkuu hupima ramani na siasa kwa mizani moja. Uingereza haikuwa tayari kuugharamia mradi huo. Afrika Kusini ya wakati huo wa ubaguzi wa rangi, ambayo Malawi ilianzisha nayo uhusiano wa kibalozi mwaka 1967, ilitoa mkopo, na wataalamu wake wakashiriki kuandaa mpango kabambe wa mwaka 1968. Shirika la kuuendeleza mji mkuu liliundwa mwaka huo huo. Mwaka 1975 Lilongwe ikatangazwa rasmi kuwa mji mkuu.

Mpango huo uliacha alama mbili zinazoonekana hadi leo. Ya kwanza ni nafasi tupu. Mji Mkongwe, wenye soko na maduka, uko kusini. Kituo kipya cha jiji na Capital Hill viko kaskazini, na kati yao pamehifadhiwa ukanda wa msitu karibu na Mto Lingadzi. Wasanifu walivutiwa na fikra ya mji-bustani iliyoasisiwa na Ebenezer Howard mwaka 1898. Wachambuzi wengine wameona katika nafasi hizo mkono wa upangaji wa Afrika Kusini, ambako ukanda mtupu ulitumika kuwatenganisha watu. Lilongwe haikutenganisha kwa rangi, bali nafasi hizo zimekuwa gharama ya kila siku kwa asiye na gari.

Alama ya pili ni namba. Maeneo ya jiji yalipewa namba badala ya majina, na namba hizo hazifuati ujirani. Kawale ni Eneo la 7, Biwi ni la 8, Chilinde ni la 21, Kanengo ni la 29. Kwa mtazamo wa lugha, namba ni jina la mahali ambapo hapajakaliwa bado. Ni jina la kwenye ramani. Wakazi wamefanya yale ambayo wakazi hufanya kila mahali: wameyatumia majina ya zamani pale yalipokuwapo, na wameipa namba maana ya tabaka pale ambapo jina halikuwapo, hata mtu akitaja namba ya eneo lake msikilizaji hukadiria kipato chake.

Kisha watu walikuja. Sensa ya 1977 ilihesabu takriban 99,000. Ya 1998 takriban 440,000. Ya 2018 ilihesabu 989,318, dhidi ya 800,264 wa Blantyre. Ndani ya miaka 52 mji ulikua takriban mara 50, na kuipita Blantyre kwa idadi ya watu. Wengi wa waliokuja hawakuingia katika viwanja vilivyopimwa. Makazi yasiyopangwa kama Chinsapo, Mtandire na Mgona yaliota pembezoni na katika nafasi zile zile zilizoachwa tupu na mpango. Wakazi wake ni wapishi, walinzi, mafundi, wauza mboga na makarani wa ngazi za chini wa ofisi za Capital Hill.

Tukirudi kwa Wirth, mfuatano wa Lilongwe unaonekana vizuri. Udumifu ulitangulia: ulitolewa kwa tangazo, mkopo na mpango. Wingi ulifuata. Msongamano ulikuja kinyume cha mpango, na utofauti ukaja pamoja na msongamano. Historia ya Dodoma inafanana na hii kwa sehemu: TANU ilipitisha uamuzi wa kuhamia huko mwaka 1973, mamlaka maalumu ya ustawishaji ikaundwa, na ilipofika mwaka 2017 mamlaka hiyo ikavunjwa kabla ya Dodoma kutangazwa jiji mwaka 2018. Kote kuwili, neno lilisubiri watu kwa miongo kadhaa, na hakuna aliyependekeza neno hilo lifutwe kwa kuwa watu walichelewa.

5. Dzaleka: watu kabla ya udumifu

Dzaleka ina mwanzo mwingine. Wakati wa utawala wa Banda palikuwa gereza, na wafungwa wa kisiasa walikuwa miongoni mwa waliofungwa humo. Jina lake hufasiriwa kuwa limetokana na kauli ya Kichewa yenye maana ya nitaacha, yaani sitarudia tena. Mzizi wake unatambulika hata kwa Warundi na Wanyarwanda, ambao kwao kureka ni kuacha. Jina la mahali hapa, kwa hiyo, ni kauli ya toba iliyotarajiwa kwa mfungwa.

Mwaka 1994 Malawi ilifanya uchaguzi wake wa kwanza wa vyama vingi tangu uhuru, na Bunge likahamia Lilongwe kutoka Zomba. Mwaka huo huo Dzaleka iligeuzwa kuwa kambi ya wakimbizi, chini ya serikali na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR). Nchi ilikuwa imetoka tu kuwahifadhi wakimbizi wa Msumbiji wapatao milioni moja, ambao walikuwa wakirejea kwao baada ya vita kwisha. Matarajio yalikuwa kwamba hawa wapya, wakitokea Rwanda, Burundi na iliyokuwa Zaire, nao wangerejea. Kambi iliandaliwa kwa watu kati ya 10,000 na 12,000.

Hawakurejea, kwa sababu vita vya mashariki mwa Kongo havikwisha. Mwaka 2007 kambi ya Luwani, iliyokuwa Kusini, ilifungwa na wakazi wake wakahamishiwa Dzaleka. Katika miaka ya karibuni idadi imevuka 50,000, wengi wao wakiwa Wakongo, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda, pamoja na Wasomali na Wahabeshi. Idadi hiyo inaipita ya makao makuu ya wilaya yenyewe, Dowa, na hata ya Mponela, mji wa biashara ulio mkubwa wilayani humo. Kama Dzaleka ingeorodheshwa kwa ukubwa wake miongoni mwa miji ya Malawi, isingekuwa mkiani.

Kazi za mji nazo zipo. Soko la Dzaleka huwavuta wanunuzi na wauzaji Wamalawi kutoka vijiji vya jirani. Kituo cha afya kinawahudumia wakimbizi na wenyeji pamoja. Shule zina watoto wa pande zote mbili. Kuna redio ya jamii iitwayo Yetu. Tangu mwaka 2014 kuna Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa na mshairi Mkongo Menes La Plume, ambalo huwaleta maelfu ya wageni kambini, wakiwamo wakazi wa Lilongwe. Kwa maneno ya Christaller, Dzaleka ni mahali pa kati. Vijiji vinavyoizunguka vinaitegemea kwa huduma visizozipata penginepo kwa ukaribu huo.

Utofauti wa wakazi umeunda lugha ya kati. Mrundi, Mbembe wa Fizi, Mnyamulenge na Mwenyeji wa Bukavu hukutana katika Kiswahili, kikiwa na lafudhi na sarufi za Kongo zaidi ya zile za vitabu vyetu vya shule, na pembeni yake Kichewa hutumika kwa jirani na mteja Mmalawi. Mahali ambapo wageni wa asili mbalimbali hulazimika kupata lugha moja ya kufanyia biashara, majirani na ibada, pana kila sababu ya kuitwa mji. Ndivyo miji ya pwani yetu ilivyokuwa.

La kuzingatia zaidi ni majina ya mitaa. Kambini kuna sehemu ziitwazo Kawale, Likuni, Zomba na Blantyre. Hapa tunaona kinyume cha Lilongwe. Jiji lililopangwa liliipa mitaa yake namba. Kambi iliyonyimwa hadhi ya mji iliipa mitaa yake majina ya miji ya nchi ilimo. Kawale ya Lilongwe ni Eneo la 7 katika ramani. Kawale ya Dzaleka haimo katika ramani ya miji ya taifa hata kidogo.

Mwanaanthropolojia wa Ufaransa Michel Agier, akiandika mwaka 2002 kuhusu kambi za Dadaab nchini Kenya, alizieleza kuwa ni miji inayoanza kujengeka bila kuruhusiwa kukamilika. Maelezo hayo yanaifaa Dzaleka, kwa nyongeza moja: kinachozuia ukamilifu wake ni sifa ya nne ya Wirth. Wingi upo, msongamano upo, utofauti upo. Udumifu tu ndio umezuiwa, na umezuiwa kwa sheria. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwaka 1987, iliweka pingamizi kwa baadhi ya vifungu vyake, vikiwamo vya ajira, elimu ya umma, uhuru wa kutembea na uraia. Kwa misingi hiyo, na chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 1989, mkimbizi hutakiwa kuishi kambini.

6. Mwaka 2023 na barabara ya kurudi

Sera hiyo haikutekelezwa kikamilifu kwa miaka mingi. Wakimbizi wengi walifungua maduka Lilongwe na katika miji mingine, wakalipa kodi za pango, wakaoa na kuolewa, wakasomesha watoto. Jiji liliwahitaji na lenyewe likawa sehemu ya uchumi wa Dzaleka, kwa kuwa bidhaa na fedha zilipita barabara ile ile tuliyoanza nayo.

Mwaka 2021 serikali iliwaamuru warudi kambini. Amri hiyo ikapingwa mahakamani na kusitishwa kwa muda. Machi 2023 amri ilitolewa upya, na ukomo ukawekwa katikati ya Aprili. Mei mwaka huo vyombo vya usalama vilianza kuwakusanya watu na kuwapeleka Dzaleka. Maduka yalifungwa, na watoto walikuwamo miongoni mwa waliochukuliwa. Serikali ilieleza sababu zake kuwa ni usalama na utekelezaji wa sheria iliyokuwapo.

Makala haya hayana nia ya kuhukumu sababu hizo. Yanaangalia athari yake kwa dhana tunazozijadili. Amri ya 2023 iliongeza wingi na msongamano wa makazi ambayo, kwa mujibu wa sheria ile ile, hayapaswi kudumu. Watu walirudishwa mahali palipozidiwa mara nne ya uwezo wake, ambapo hawakuwa na kiwanja wala duka, kwa hoja kwamba hapo ndipo mahali pao. Kwa tendo moja mamlaka ilisema kwamba Dzaleka ni makao yao ya lazima na kwamba Dzaleka si makao yao. Sera ya miji ikijengwa juu ya kauli mbili zinazopingana namna hii, gharama hulipwa na anayeteka maji: Mkongo aliyemo kambini na Mmalawi wa kijiji jirani wanaopanga foleni kwenye kisima kimoja.

7. Lugha ya sera: kambi, makazi, mji

Kiswahili cha utawala katika Afrika Mashariki kina kumbukumbu inayoweza kusaidia hapa. Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972 walipelekwa Katumba, Ulyankulu na, baadaye, Mishamo. Nyaraka ziliyaita mahali hapo makazi, neno linalotokana na kitenzi kukaa. Walipewa mashamba. Miongo minne baadaye zaidi ya 162,000 kati yao walipewa uraia, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Waliofika katika miaka ya 1990 walipelekwa kwingineko, na hapo paliitwa kambi. Hawakupewa mashamba. Hatudai kwamba neno peke yake lilizaa tofauti hiyo. Hali ya siasa ya eneo zima ilikuwa imebadilika. Tunachodai ni kwamba neno liliuhifadhi uamuzi na kuufanya uonekane kuwa wa kawaida kwa miaka mingi baada ya wenye kuuamua kuondoka madarakani.

Kenya nayo imeanza kujaribu njia nyingine. Kalobeyei, karibu na Kakuma, ilianzishwa mwaka 2016 ikiwa makazi ya wakimbizi na wenyeji wa Turkana pamoja, na UN-Habitat likashiriki kuipangia ramani ya mji. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 ilifuata, na mwaka 2025 ukazinduliwa Mpango wa Shirika, unaolenga kuzigeuza kambi kuwa makazi jumuishi. Ni mapema kuupima mpango huo kwa matokeo. Angalau msamiati wake unakubali kwamba wanaoishi pamoja kwa kizazi kizima wanahitaji manispaa.

Mshauri wa sera wa Malawi anaweza kutoa hoja mbili nzito dhidi ya mwelekeo huu. Kwanza, nchi ni maskini, na mwanakijiji wa Dowa asiye na umeme hataelewa kwa nini kambi ipangiwe mji. Pili, kuipa Dzaleka udumifu kunaweza kutafsiriwa kuwa kuwaalika wengine. Hoja ya kwanza kwa kweli inaunga mkono msimamo wetu: mradi wa maji au barabara uliopangwa kwa ajili ya kambi huisha na ufadhili wake, ilhali uliopangwa kwa ajili ya mji wa wilaya hubaki kwa Wamalawi hata kama wakimbizi wote wangeondoka kesho. Kuhusu hoja ya pili, historia ya miaka 30 inajibu: Dzaleka imekua bila kualikwa na neno lolote. Waliokuja walifukuzwa na vita vya Kivu.

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo matatu. La kwanza ni la istilahi. Nyaraka za mipango zitofautishe hadhi ya kisheria ya wakazi na aina ya makazi wanamokaa. Mtu anaweza kuwa mkimbizi na bado akaishi katika mji. Kwa makazi ya namna ya Dzaleka tunapendekeza istilahi mji wa ukaazi, yaani mji uliotokana na kukaa, kando ya mji wa amri, uliotokana na tangazo. La pili ni la mipango: Dzaleka iingizwe katika daraja la miji la Wilaya ya Dowa, ili maji, afya, shule na soko vipangwe na halmashauri ya wilaya kwa ajili ya wenyeji na wakimbizi kwa pamoja. La tatu ni la haki: pingamizi za 1987 zipitiwe upya, kwa kuanzia na zile za ajira na uhuru wa kutembea kati ya Dzaleka na Lilongwe.

Wataalamu wa Kiswahili nao wana wajibu wao. Tangu Agosti 2019 Kiswahili ni lugha rasmi ya Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika (SADC), ambayo Malawi ni mwanachama wake. Istilahi za miji tutakazozisanifu zitatumika katika mikutano itakayoamua hatima ya mahali ambapo Kiswahili tayari ni lugha ya soko. Si busara kwamba wazungumzaji hao wawe wa mwisho kuulizwa mahali pao paitweje.

8. Hitimisho

Lilongwe na Dzaleka zimeonyesha kwamba ukuaji wa mji una njia zaidi ya moja. Katika Lilongwe dola ilitamka mji, ikatenga ardhi, ikakopa fedha, kisha ikawasubiri watu. Katika Dzaleka watu walikaa, wakajenga, wakaipa mitaa yao majina ya miji ya Malawi, na wangali wanaisubiri dola itamke. Sifa tatu za Wirth zilifika kwa miguu katika sehemu zote mbili. Ya nne ilitoka Capital Hill, ikaelekezwa upande mmoja tu wa barabara.

Watoto waliozaliwa Dzaleka mwaka ilipofunguliwa wana umri wa zaidi ya miaka 30, na baadhi yao ni wazazi. Uamuzi ulioko mbele ya washauri wa sera ni kama kizazi chao cha tatu nacho kitahesabiwa kuwa kinapita njia.